Alpo wa Nne

Kama kuna kazi inayomlipa mtu ili aogope, ni kazi ya kufagia dohani. Mkulima akisahau jambo, anakosa viazi. Mfagia dohani akisahau jambo, watu wanalala na hawaamki. Alpo Huttunen aliianza kazi hiyo bado kijana wa ndevu za kuhesabika, na kwa kuwa alizaliwa tayari na roho juu, kazi na mtu wakapatana siku ile ile.

Huku kijijini Kortevaara baridi haina mchezo na mtu. Kila nyumba ina jiko kubwa la matofali, na kila jiko lina kibati kwenye shingo ya dohani. Kuni zikishateketea zote unakisukuma kibati, unafunga, na joto linabaki ndani mpaka asubuhi. Ukikifunga mapema, makaa bado yana uhai, ule moshi usioonekana wala kunuka unarudi chumbani, na hapo tena ni kumwita mchungaji. Watoto wetu wanalijua hilo kabla hawajajua kusoma. Alpo alilijua kuliko wote, maana usiku aliliota na mchana alilibeba mgongoni pamoja na ngazi yake.

Basi ilikuwa hivi. Anafagia nyumba moja, anakagua kibati, anakiacha wazi kama inavyotakiwa, anaaga, anatia ngazi begani na kushika njia ya msituni. Akifika katikati, tumbo linampata joto. Je, nimekiacha wazi? Anajua amekiacha wazi. Amekiona kwa macho yake mawili. Lakini kujua hakumsaidii kitu. Anaiegemeza ngazi kwenye msonobari, anatoka mbio kurudi alikotoka, na mama wa nyumba anamwona mlangoni, mweusi tititi kwa masizi, anahema.

"Umesahau nini tena, Alpo?"

"Sikusahau kitu."

Anachungulia. Kiko wazi. Anaaga mara ya pili, na sasa kwa kuwa amechelewa anakimbia tena mpaka kwenye ngazi, na kutoka hapo mpaka nyumba ya pili, na huko nako mambo ni yale yale. Watu walicheka mpaka wakachoka. Lakini mtu anayekwenda kila njia mara tatu, tena mbio, miaka nenda miaka rudi, lazima apate miguu. Wanariadha wengine walikimbia kwa ratiba ya kocha. Alpo alikimbia kwa wasiwasi, na wasiwasi hauna siku ya mapumziko.

Aliyemwingiza mashindanoni ni Tahvo mwenye duka, tena kwa mzaha. Kwenye michezo ya sikukuu ya katikati ya kiangazi, Tahvo alimwandikisha bila kumuuliza, akawaambia wenzake, "Huyu mwambieni kuna kibati kule mwisho wa barabara, muone kama kuna mtu atamshika." Hakuna aliyemshika. Kuanzia hapo akapelekwa mashindano ya wilaya, kisha ya mkoa, na kila palipoongezwa umbali ndipo alipozidi kufanya vizuri, mpaka akafika kwenye marathoni, na marathoni ikamchukua moja kwa moja.

Sasa sikilizeni vizuri, maana mkasa wote uko hapa. Kila mwaka mwezi wa Agosti kuna mashindano ya taifa. Watatu wa kwanza wanakwenda kukimbia dhidi ya jirani zetu Waswidi. Kumshinda Mswidi, kwa watu wa huku, ni jambo ambalo hata mchungaji huliombea kimyakimya. Watatu wanavaa jezi ya nchi. Wa nne anarudi nyumbani kwa treni. Na Alpo, kiangazi cha kwanza, alitokea wa nne. Kiangazi cha pili, wa nne. Cha tatu, wa nne tena, amepitwa uwanja ukiwa unaonekana kabisa mbele yake.

Pale dukani kwa Tahvo wakampa cheo. Akiingia kununua kahawa, wanaume walioketi kwenye magunia wanainuka na kuvua kofia.

"Mpisheni mfalme, Alpo wa Nne."

"Mfalme, raia wako tunauliza, mwakani utatawala namba gani?"

Alpo anacheka nao. Anachukua kahawa yake, anatoka, na akifika kwenye kona anasimama na kushika ukuta kidogo. Hakuna aliyejua kwamba lile jina lilimla. Alikuwa ameshavuka miaka thelathini na minne, goti la kushoto lilianza kulia asubuhi, na yeye mwenyewe alijua bila kuambiwa kwamba kiangazi kinachokuja ndicho cha mwisho. Akikosa hicho, atazikwa na namba hiyo.

Nyumbani waliishi watatu: yeye, mkewe Lempi, na mama yake Lempi, Bibi Iita. Na huyu Iita hakuwa mtu wa kupita hivi hivi. Alikuwa fundi wa kuumika. Kwa zaidi ya miaka arobaini wilaya nzima ililala kifudifudi mbele yake kwenye benchi la sauna, kile chumba cha kuogea kwa mvuke. Mgongo ukiuma, Iita. Kichwa kikiwa kizito, Iita. Alikuwa na pembe za ng'ombe zilizokatwa ncha na kijishoka cha chuma kisichozidi kidole cha mtoto. Anavichemsha vyote, anamwaga maji kwenye mawe ya moto mpaka mvuke ulegeze ngozi yako, anabandika pembe na kunyonya hewa kwa mdomo, kisha anachanja kwa kile kijishoka, haraka haraka, na kubandika tena. Damu nzito inatoka, na wewe unatoka humo mwepesi. Ndivyo watu walivyosema, na waliosema walikuwa wengi.

Kisha zahanati ikafunguliwa. Akaja muuguzi na vidonge. Migongo ikaanza kupungua, kwanza ya vijana, baadaye hata ya wazee wenzake, waliokuwa wakimwamkia Iita kanisani huku wakiangalia pembeni. Mwisho wa yote ukabaki mgongo mmoja tu, wa mkwewe. Kila mwaka, Jumamosi ya mwisho kabla ya mashindano, Iita alivaa aproni nyeupe iliyopigwa pasi, akachemsha pembe zake, akamwumika Alpo "ili damu iliyochoka itoke." Siku hiyo alitembea wima. Mwaka mzima uliobaki alichambua viazi na kutazama nje.

Alpo mwenyewe hakupenda hata kidogo. Mwanamume mzima, anapanda mapaa yenye barafu, lakini akiona tone la damu magoti yanakwisha. Kwa hiyo alifumba macho tangu anaingia mpaka anatoka, akang'ata taulo, akavumilia. Angeanzaje kumkatalia?

Majira ya kuchipua ya mwaka ule wa mwisho wakimbiaji waliitwa kambini. Kocha aliitwa Yrjänä, mtu mrefu mwenye miwani. Jioni moja, kwenye meza ya supu, Alpo akasema kwa mazungumzo tu kwamba yeye huumikwa wiki moja kabla ya mashindano. Yrjänä akaweka kijiko chini.

"Unatolewa damu?"

"Kidogo tu. Ni mama mkwe."

"Bwana Huttunen, hewa unayovuta inabebwa na nini?"

"Na damu, nadhani."

"Unadhani. Halafu unaimwaga kabla ya safari. Wewe gari lako unalitoboa tangi kabla ya kuondoka?"

Mezani walicheka. Alpo hakucheka. Usingizi wa usiku ule hakuuona. Alipiga hesabu gizani: mara tatu ameumikwa, mara tatu amekwisha nguvu mwishoni. Kwa hiyo ni hilo. Si goti, si yeye, ni pembe za Bibi Iita. Kwanza akafurahi, kisha furaha ikamwisha, maana sasa alikuwa na jambo moja tu la kufanya, na jambo lenyewe lilikuwa kufungua mdomo.

Mwanamke amebakiwa na mgongo mmoja duniani. Umnyang'anye na huo? Umwambie mama wa watu, mbele ya aproni yake nyeupe, kwamba kazi ya maisha yake ndiyo iliyokukosesha jezi? Na usipomwambia, ni wa nne mpaka kaburini. Alilizungusha hilo kichwani Mei yote, Juni yote.

Alimjaribu Lempi kwanza, wakikamua ng'ombe.

"Ungemwambia wewe. Ni mama yako."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba mwaka huu... mgongo wangu uko sawa."

Lempi hakuacha kukamua. "Mgongo ni wako, Alpo. Na ulimi ni wako."

Basi akajipiga moyo konde. Siku ya kukata nyasi alimfuata Iita na gudulia la maziwa mtindi, akakaa karibu naye. "Mama." "Ee?" "Nyasi zimekauka vizuri." Siku nyingine wako kwenye mashua, wanavuta wavu, maji yametulia, hakuna mtu wa kuwasikia ila bata. Nafasi gani tena angeitaka? "Mama." "Sema, mwanangu." "Samaki wadogo mwaka huu," akasema. Bibi Iita akamtazama kwa muda, kisha akautazama wavu. "Wadogo kweli," akasema. Wakapiga makasia kurudi, na Alpo alijichukia mpaka chakula cha jioni.

Ikafika Jumamosi yenyewe. Tangu asubuhi moshi ulitoka kwenye dohani ya sauna, chini kando ya ziwa. Alpo alikagua kibati chake mara nne. Iita akashuka na aproni yake, sufuria ya pembe mkononi. Alpo akalala kwenye benchi, akafumba macho, akang'ata taulo. Alisikia maji yakilia shaa kwenye mawe. Alisikia pembe zikigongana. Pembe ya kwanza ikambana kati ya mabega, ngozi ikavutwa, na hapo, sijui nguvu aliitoa wapi, akatema taulo.

"Mama, mwaka huu usinitoe damu."

Mawe yalilia kidogo.

"Damu gani?" akauliza Iita.

"Damu yangu."

"Sijakutoa damu tangu mwaka lilipoungua ghala la Tahvo."

Alpo akafumbua macho. Ghala la Tahvo liliungua kabla ya ile nne yake ya kwanza. Akaketi, pembe ikamwanguka mgongoni na kugonga sakafu. Iita alikuwa amesimama mbele yake, ameunyosha mkono wake wa kulia kwenye mwanga wa kidirisha. Mkono ulitetemeka. Si sana, ila haukutulia hata kidogo.

"Mkono huu unautaka ushike chuma kwenye mgongo wa mtu?" akasema. "Nagonga kwa upande butu. Kisha namimina maji ya vuguvugu, yanakutiririka, nawe umefumba macho, unaguna kama anayechinjwa. Mwaka juzi uliniuliza kama imetoka nyingi. Nikasema ya kutosha."

"Mbona hukusema?"

"Wewe mbona hukusema? Tangu Mei unanifuata na nyasi zako na samaki wako." Akainama, akaiokota pembe, akaifuta kwa aproni. "Nilijua ni wewe tu uliyebaki. Nikisema mkono umekwisha, ninaamka asubuhi kufanya nini?"

Akazikusanya pembe zote kwenye sufuria, akatoka, akafunga mlango taratibu ili mvuke usipotee.

Alpo alimkuta Lempi nje, anasuuza ndoo ziwani. Akiwa amejifunga taulo, akakaa kwenye ngazi za mlangoni.

"Ulijua?"

"Sakafu ya sauna naosha mimi, Alpo. Damu inaacha alama kwenye mbao."

"Miaka yote hiyo?"

"Mama hakusema. Wewe hukusema. Mimi ni nani niseme?"

Msishangae sana. Watu watatu, paa moja, chungu kimoja cha uji, kila mmoja anamtunzia mwenzake moyo, na hakuna anayefungua kinywa. Ndivyo tunavyopendana huku, na siku nyingine naona heri tungechukiana kidogo, maana wanaochukiana angalau huambiana. Yaani mtu alijikuna mgongo wiki nzima kwa makovu ambayo hakuwa nayo.

Lakini Alpo hakuona cha kucheka. Kama si damu, ni nini? Miezi yote ile alikuwa na mtu wa kumsingizia, sasa amebaki na nafsi yake. Alikuwa na damu yake yote mwilini kila mara, na bado akapitwa. Siku zilizofuata hakula vizuri. Alifunga kamba za viatu, akazifungua, akazifunga. Na mezani, Bibi Iita alikula vijiko vitatu na kusema ameshiba. Sufuria ya pembe ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kwa aproni. Kila Alpo alipoitazama alihisi amemwibia mtu kitu.

Mwaka ule Lempi alifunga safari pamoja naye, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Ng'ombe waliachiwa Iita. "Ng'ombe hawajali mkono kutetemeka," alisema mwenyewe, bila kutabasamu. Kwenye treni, katikati ya mkate mweusi na mayai ya kuchemsha, Lempi akasema, "Picha zako za gazetini nimezibandika ndani ya mlango wa kabati. Zote tatu za mwishoni mwa mbio. Unajua nini? Hakuna hata moja yenye uso wako. Mpiga picha yuko mbele, na mimi naona kisogo."

"Kisogo?"

"Unageuka, Alpo. Kila mara umegeuka nyuma."

Alpo akaweka yai chini. Alijua ni kweli. Mbele ya uwanja kila mwaka tumbo lilimpata joto, akasikia nyayo au akadhani amesikia, akageuka. Akageuka tena. Mwenzake anakimbia kwenda mbele, yeye anakimbia huku anarudi kukagua kibati.

Asubuhi ya mashindano, katika mji ule wa pwani wenye upepo wa chumvi, Lempi alimshika ukosi wa jezi.

"Nisikilize. Vibati vyote vya nyumbani nimevikagua mimi. Ni Agosti, majiko ni ya baridi. Hakuna ulichokiacha nyuma. Usigeuke."

"Na kama kuna mtu?"

"Kama yupo, yupo. Kumtazama kutamzuia?"

Bunduki ikalia. Alpo hakukimbia vizuri, tuseme ukweli. Alianza taratibu mno, akamwacha kila mtu ampite, na kwa kitambo kirefu alidhani ameshaharibu kila kitu. Barabara ilipita kando ya maghala ya mbao, kisha mashamba ya shayiri, kisha ikageuka kurudi. Jua likatoka. Wale walioanza kwa mbwembwe wakaanza kurudi nyuma mmoja mmoja, wengine wanatembea, mmoja amekaa kwenye mtaro anashika paja. Mzee mmoja wa kando ya barabara, ndoo ya maji mkononi, alimwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wa tatu, kijana. Wewe ni wa tatu."

Ingekuwa heri asingeambiwa. Neno lile lilimwingia mwilini mwote. Wa tatu ni yeye, na kilichobaki ni kipande kile kile, kilomita zile zile zinazomla kila mwaka. Goti likalia. Na hapo hapo akazisikia nyayo.

Safari hii hakuwa anadhani. Zilikuwa nyayo za kweli, tap tap tap, kulia kwake, pamoja na pumzi ya mtu. Shingo ikaanza kwenda yenyewe. Akaing'ang'aniza mbele. Yuko karibu kiasi gani? Ni nani? Amechoka au hajachoka? Tazama mara moja tu, moyo ukamwambia, mara moja ujue, kisha utakimbia kwa raha. Ndivyo moyo ulivyomwambia kila siku ya maisha yake, katika kila njia ya msituni. Jiko ni la baridi, akajijibu. Majiko yote ni ya baridi. Akalisema hilo kwa mdomo, na mwanamke mmoja aliyesimama na gari la mtoto akadhani amepagawa.

Nyayo zikakaribia, zikarudi, zikakaribia tena. Uwanja ukaonekana. Hapa ndipo alipopitwa mwaka jana, palikuwa na mti ule ule, na alipoukaribia machozi yalimtoka kwa woga, mwanamume wa watu, bila haya. Hakugeuka. Aliingia getini bila kujua, akauzunguka uwanja bila kujua, na mpaka anavuka mstari hakujua kama mtu wa nyuma yuko hatua moja au yuko kijiji cha pili. Kisha akageuka.

Mtu yule alikuwa hatua mbili nyuma. Kijana mmoja fundi umeme, Ensio jina lake, alianguka kwenye majani na kufunika uso. Alpo, ambaye hata kusimama kulimshinda, alijikokota akakaa karibu naye.

"Nafasi hiyo naijua," akamwambia. "Ina baridi. Lakini haiui."

Picha ya mwaka ule ina uso. Si uso mzuri, mdomo umekaa upande na macho yamemtoka, lakini ni wake. Kule dukani Tahvo aliwatangazia wote, "Kutoka wa Nne mpaka wa Tatu. Sasa mfalme amepanda au ameshuka?" Wakabishana jioni nzima. Mbele ya Waswidi, mwezi uliofuata, alitokea wa tano kati ya sita, na nyuma yake alikuwepo Mswidi mmoja. Mswidi mmoja ni Mswidi. Kijiji kilimtafuna mdomoni Mswidi huyo majira yote ya baridi.

Alpo hakufurahi kama alivyotazamia. Alikuwa na jezi, ameitundika chumbani, na kila alipoamka aliiona jezi kwanza na kisha, kupitia mlangoni, Bibi Iita amekaa dirishani. Alikuwa amepungua. Kahawa ilipoa mbele yake. Sauna za Jumamosi alisema moshi unamchoma macho, akabaki ndani. Alpo alianza kuamka kabla ya wote kwenda kusikiliza mlangoni pake kama anapumua, akisikia anapumua anarudi kitandani, kisha anaondoka tena kwenda kusikiliza. Alpo alijua dawa ya Bibi Iita ni ipi. Tangu Agosti alikuwa anaijua, na kila alipoifikiria aliahirisha.

Oktoba, theluji ya kwanza imeanguka na mbio zote zimekwisha, aliwasha sauna mwenyewe. Akapanda kiti, akashusha sufuria kutoka juu ya kabati, akaikung'uta aproni vumbi, akamwekea Iita magotini.

"Mama, niumike."

"Acha mzaha."

"Ya kweli. Kwa chuma. Goti langu linauma, na zahanati wamenipa vidonge visivyosaidia kitu."

"Alpo, mkono umeuona."

"Nimeuona. Nitaushika."

Bibi Iita akamtazama binti yake, aliyekuwa anakanda unga kama vile hasikii. Akainuka. Alizichemsha pembe mwenyewe, na kwenye kufunga kamba za aproni Lempi hakumsaidia mpaka alipoombwa.

Kwenye sauna Alpo hakulala kifudifudi. Alikaa kwenye benchi la chini, mguu wa kushoto umenyooka, ili shavu la mguu liwe mbele yake waziwazi. Iita akabandika pembe, akanyonya, akaitoa, duara jekundu likabaki. Akachukua kijishoka. Kilitetemeka hewani juu ya ngozi. Kila kitu mwilini mwa Alpo kilimwambia afumbe macho. Akaunyosha mkono, akaushika ule mkono wa kizee kwenye kifundo, akaukaza mpaka ukatulia.

Tik. Tik. Tik. Damu ikatoka, tone moja, kisha lingine, nyeusi kidogo, ikateremka mguuni kuelekea kwenye mbao.

"Umefumbua macho," akasema Iita.

"Nimefumbua."

"Basi tulia, mwanangu," akasema Bibi Iita, akiinamia kazi yake. "Usitetemeke."